Picha za Moyo Zilizokwama Njia ya Usinge

Recheli Lugembe alikuwa na mazoea ambayo mafundi wenzake waliyacheka: kila alipoingia kwenye chumba cha mitambo alivua viatu mlangoni. Kampuni haikudai hivyo. Akiulizwa alisema ni vumbi, lakini ukweli ni kwamba aliona haya kukanyaga mle ndani na matope ya barabarani, mahali ambapo sauti na barua za nusu ya mkoa zilipita kimyakimya ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Miaka kumi na mmoja ya kazi haikumwondolea haya hiyo.

Alizaliwa kijijini upande wa Kaliua, kwa wakulima wa tumbaku, Wamoraviani wasiokosa ibada. Kidato cha nne alimaliza, matokeo hayakumfikisha popote, akarudi kushika jembe. Ndipo zikaja habari kwamba kunachimbwa handaki la kulaza mkongo wa mawasiliano kando ya barabara ya magharibi na kwamba vibarua wanatakiwa, hata wanawake. Recheli akaenda. Babu yake alikuwa amewasimulia habari za wapagazi walioshika njia hiyo hiyo kwenda Ujiji, mwezi mzima kwa miguu, mzigo begani. Yeye alichimba kipande chake karibu na Urambo, sururu mkononi, bila kujua hasa kinachozikwa ni nini. Wenzake walisema ni umeme. Mmoja alisema ni bomba la maji.

Siku moja fundi wa kuunga nyuzi, mtu mzima mpole aitwaye Zablon, alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya uzi upande wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki kilomita tatu nyuma, ng'ambo ya mwinuko, wala hawakuonana.

"Usiutazame kwa jicho," alimwambia kwa simu. "Uelekeze kwenye kiganja chako. Haya, nawasha."

Kwenye kiganja cha Recheli, kilichojaa malengelenge ya sururu, ikatua nukta nyekundu.

"Umeona?"

Aliusogeza mkono, nukta ikasogea. Aliukunja, nukta ikapanda juu ya vidole. Mwanga wa tochi ya mtu aliye nyuma ya kilima ulikuwa umepita chini ya ardhi aliyoichimba yeye, ukapinda pale handaki lilipopinda, ukamfikia kama ulivyotumwa.

"Recheli, umeona au hujaona?"

"Nimeona, fundi. Nimeuona."

Toka siku hiyo hakumwachia Zablon nafasi ya kupumua kwa maswali. Zablon alimfundisha kuunga, akamsaidia kupata chuo, na miaka miwili baadaye Recheli akaajiriwa na kampuni ya mtandao mjini Tabora. Alipanga chumba Gongoni, akapewa gari la kazi, na mkoa mzima upande wa magharibi ukawa juu yake.

Kisa cha kusimulia hapa kilianza Jumatano moja ya Machi, mvua zikiwa zimekolea.

Kampuni ilikuwa na mteja ambaye Recheli alimpenda kuliko wote: laini iliyounganisha kituo cha afya cha Usinge na hospitali kubwa ya mjini. Ilikuwa laini ya sehemu mbili tu. Mtu wa Usinge aliona kama vile amevutiwa waya mmoja kutoka chumba chake hadi chumba cha daktari Tabora, ingawa kwa kweli njiani ilipita kwenye mitambo ya kampuni pale Kaliua na Urambo. Wiki tatu nyuma kituo kilikuwa kimepata mashine ya ultrasaundi ya kupima moyo. Tabibu wa pale, kijana aitwaye Emilian, alijifunza kuishika, na picha zilisomwa Tabora na daktari bingwa wa moyo, Dokta Nihal.

Jumatano hiyo Emilian alipiga simu.

"Dada Recheli, picha haziendi. Zinaanza kutumwa, zinakwama. Leo siku ya nne."

"Umetoa taarifa makao makuu?"

"Mara tatu. Wanasema laini ni nzima. Na mimi naona ni nzima, maana naongea na daktari kwa simu ya laini hiyo hiyo, namsikia kama yuko hapa. Ujumbe unakwenda. Picha tu." Akashusha sauti. "Nina mama hapa anaitwa Ng'washi. Ana mimba ya miezi saba. Analala amekaa, akijinyoosha tu pumzi inamwishia. Nasikia mlio kwenye moyo wake lakini sijui ni nini. Daktari hawezi kusema dawa ipi bila kuona. Na barabara huku kwetu imekatika mara mbili, nikimpakia bila kujua ninachokibeba, naogopa."

Recheli alimpigia Yaser, mhandisi wa zamu kwenye chumba cha uangalizi Dar es Salaam. Yaser hakuwa mvivu. Alikuwa na skrini sita mbele yake, na zote zilimwambia jambo moja.

"Dada, shikamoo. Hiyo laini nimeiangalia mwenyewe. Tabora taa kijani, Usinge taa kijani. Nimebisha hodi mara elfu moja, nimejibiwa mara elfu moja."

"Marahaba. Umebisha hodi na pakiti ya ukubwa gani?"

"Ya kawaida. Baiti mia."

"Nipe nafasi nijaribu kubwa."

Kila kitu kinachopita kwenye mtandao hukatwa vipande vidogo, pakiti, na kila kipande kina ukubwa wake. Sauti ya simu hukatwa vipande vidogo sana. Picha hujaza kila kipande hadi mdomoni, baiti elfu moja na mia tano. Recheli alimwomba Emilian ruhusa ya kuichukua laini kwa robo saa, akakiamuru kisanduku cha kampuni kilichoko Usinge kirudishe kila kitakachotumwa kwake, kisha akaunganisha kipimio chake kwenye chumba cha mitambo cha Tabora na kuanza kutuma.

Baiti mia tano: zilikwenda, zikarudi. Elfu moja: zikarudi. Elfu moja mia nne: zikarudi zote. Elfu moja mia tano: hakikurudi hata kipande kimoja.

Akashuka taratibu. Elfu moja mia nne na themanini, kimya. Sabini, zikarudi. Akapanda moja moja kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo. Sabini na nne, zikarudi zote. Sabini na tano, hakuna.

Aliketi akaitazama namba hiyo. Baiti moja tu. Upande huu wa baiti moja dunia ilikuwa nzima, upande wa pili palikuwa na shimo, na juu ya shimo hilo taa zote zilikuwa kijani. Siku nne mtu alikuwa anamwaga picha za moyo ndani ya shimo hilo na hakuna aliyesikia kishindo.

Akampigia Yaser.

"Zinapungua baiti ishirini na sita," alimwambia.

Yaser akacheka kwa mshangao. "Bahasha yetu."

"Bahasha yetu."

Pakiti ya mteja ikiingia kwenye mitambo ya kampuni hutiwa ndani ya bahasha yenye anwani za njiani, ifike upande wa pili bila kupotea. Bahasha ile ni baiti ishirini na sita. Kwa hiyo mahali fulani palikuwa na mtambo usioruhusu zaidi ya elfu moja na mia tano, bahasha ikiwemo. Kilichozidi ulikitupa, bila taarifa kwa yeyote.

"Lakini, dada, nimefungua mipangilio ya ruta zote sasa hivi," Yaser alisema. "Tabora, Urambo, Kaliua. Zote zinapokea hadi elfu tisa. Hakuna ya elfu moja mia tano."

"Jaribu kipande kimoja kimoja. Anza Kaliua kwenda Usinge."

Kibodi ikasikika. "Zinapita."

"Urambo kwenda Kaliua."

"Zinapita."

"Tabora kwenda Urambo."

Safari hii alichelewa. "Haziendi. Hata moja. Ila kati ya Tabora na Urambo hakuna mtambo wowote, ni faiba tupu, nyuzi za kioo peke yake. Mchoro uko mbele yangu."

Recheli aliegemea kabati la mitambo. Faiba tupu haichagui ukubwa wa mzigo. Kioo hakijui baiti. Akafungua ukurasa wa ruta unaoonyesha nguvu ya mwanga unaoingia kutoka Urambo, kilomita tisini hivi, akaisoma namba mara mbili. Mwanga ulikuwa mkali mno. Mwanga uliosafiri kilomita tisini hufika umechoka. Huu ulikuwa kama wa mtu anayekumulika tochi akiwa kitanda cha pili.

"Yaser, huu mwanga hautoki Urambo. Unatoka humu humu ndani."

Alipiga magoti nyuma ya kabati, akaushika uzi wa njano uliotoka kwenye ruta, akaufuata kwa vidole. Ulipita chini ya sakafu ya bati, ukaibuka upande wa pili wa chumba, ukapanda ukutani. Haukwenda kwenye sanduku la faiba kabisa. Uliingia kwenye kisanduku cheusi, kikuukuu, chenye vumbi la miaka: redio ya akiba, ile ya kurusha mawimbi mnarani kwenda Urambo.

Akakumbuka. Siku tisa nyuma tingatinga la wajenzi wa kalvati lilikata mkongo mbele ya Ndono. Timu ya dharura ilihamishia laini kwenye redio watu wasikae bila mawasiliano, kisha mkongo ukaungwa. Kurudisha laini kwenye faiba ndiko kulikosahaulika. Mchoro wa Dar ulionyesha inavyopaswa kuwa, si ilivyo. Tena kwa siku tano za mwanzo hakuna aliyelalamika, kwa sababu Emilian hakuwa na mgonjwa wa moyo.

"Tuibadilishe redio ikubali kubwa," Yaser alisema.

"Haiwezi. Ni ya zamani, mwisho wake ndio huo. Lazima turudi kwenye faiba, na Urambo lazima mtu aende kuchomoa na kuchomeka."

"Utaenda leo?"

"Kwanza niuone mkongo wenyewe kama umeungwa vizuri. Sitaki kumhamisha mama wa watu kutoka kwenye shimo nikamtia kwenye jingine."

Alileta mashine ya kupimia kioo, ile inayotuma mwanga kwenye uzi na kusikiliza kidogo kinachorudi kutoka kila mahali njiani. Baada ya dakika tatu mstari ulijichora kwenye skrini, ukishuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Recheli aliwahi kuuona mara nyingi, na bado aliusogelea. Kilomita tisini za barabara, mashamba, mbuga na madaraja zilikuwa zimelala mbele yake, urefu wa kiganja. Kila mahali uzi ulipoungwa palikuwa na kingazi kidogo. Pale mbele ya Ndono palikuwa na kingazi kipya, kifupi, safi. Walioutengeneza walifanya kazi nzuri. Na mwisho kabisa, mwanga ulipogonga ncha ya Urambo, mstari ulichomoza juu kama mtu aliyeinua mkono kusema nipo.

Alivaa viatu akaondoka.

Mvua ilimkuta Ndono na haikumwacha hadi Urambo. Kwenye chumba cha mitambo cha Urambo, kidogo kama jiko, alikikuta kisanduku pacha cha redio. Kabla ya kuchomoa chochote aliunganisha kompyuta yake, akafungua mahali ambapo redio ilihesabu vipande ilivyovitupa. Namba ilikuwa imesimama: elfu mia sita na kumi na mbili na ushee.

Alimpigia Emilian. "Tuma picha moja."

"Ile ile itakwama."

"Najua. Tuma."

Namba ikaruka. Ikaruka tena. Ikawa inakimbia. Kila hesabu ilikuwa kipande cha kifua cha mwanamke ambaye Recheli hakuwahi kumwona, kimepita salama Kaliua, kimefika hadi hapa, kikadondoshwa mbele ya macho yake. Alikuwa ametafuta hitilafu nyingi maishani, na mara nyingi alizijua kwa hesabu tu. Hii alikuwa anaitazama ikitenda.

"Acha sasa," alisema. "Nakata laini dakika mbili."

Yaser alikuwa kwenye simu nyingine, na Tabora mlinzi aliyewahi kuelekezwa kazi hiyo alisubiri amri. Recheli alichomoa uzi kutoka kwenye redio, akaifuta ncha yake kwa kitambaa, akaikagua kwa darubini, akaifuta tena, akaichomeka kwenye sanduku la faiba. Tabora mlinzi akafanya vivyo hivyo. Taa ikazimika. Ikakaa imezimika. Kisha ikawaka.

Aliusoma mwanga. Ulikuwa dhaifu, umechoka, sawasawa na alivyoutaka.

"Elfu moja mia tano," alimwambia Yaser.

"Natuma... Zimerudi. Zote. Dada, zimerudi zote!"

"Tuma elfu nne."

"Zimerudi."

Emilian hakungoja kuambiwa. Recheli alisikia sauti yake, iliyokuwa imekazana siku nne, ikilegea. "Inakwenda. Asilimia kumi. Thelathini. Dada, imekwenda yote. Natuma ya pili."

Tabora, Dokta Nihal alikuwa anatazama. Watu watatu walishika simu zao, mmoja Usinge, mmoja Urambo, mmoja Dar es Salaam, wakingoja. Baada ya muda Emilian akarudi.

"Daktari ameona. Ni mlango mmoja wa moyo umebana, damu inasukumana nyuma mapafuni. Ameniambia dawa, zipo kabatini. Amesema nimweke amekaa, nisimlaze. Akitulia siku mbili, aje Tabora kwa gari la wagonjwa, bado amekaa."

Recheli alijibu "Sawa," akakata simu, akakaa juu ya boksi la vifaa.

Kesho yake mchana Dokta Nihal alimwita hospitalini. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa mjini hapo hapo, mwenye maneno machache.

"Emilian amemuuliza mgonjwa," alisema, "na mgonjwa amekubali uone. Amesema aliyeifungua njia aone kilichopita. Njoo."

Kwenye skrini ya kijivu kitu kilikuwa kinafunguka na kufungika. Recheli alikuwa ametarajia kitu kama picha kwenye vitabu vya shule. Hakutarajia kiwe hai kiasi kile. Kilijikaza, kikalegea, na ndani yake vijitando viwili vyepesi vilijitahidi kufunguka, vikafunguka nusu, vikashindwa, vikajaribu tena.

"Huo ndio mlango wenyewe," daktari alisema, akionyesha kwa kalamu. "Yawezekana alipata homa ya koo utotoni, haikutibiwa, ikaacha makovu. Alikuwa anaishi nao bila kujua. Mimba ndiyo imeuzidishia kazi."

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipima kama vitu vinapita. Hakuwahi kuambiwa ni nini. Sasa alijua kimoja. Alitazama mapigo, akajikuta anayahesabu, akaacha kuhesabu, akatazama tu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Samahani, daktari."

"Usiombe samahani," Dokta Nihal alisema. "Mimi nimeiona mioyo maelfu. Bado kila mmoja naunyamazia kwanza."

Ng'washi aliletwa Tabora Jumapili, amekaa kitako kwenye gari la wagonjwa, mama mkwe wake amemshika mgongo njia nzima. Alilazwa wiki saba, dawa zikamtuliza, na mwishoni mwa Aprili akajifungua mtoto wa kike wa kilo mbili na nusu, akilia kwa nguvu kuliko mwili wake. Mlango wa moyo ulikuja kupanuliwa baadaye, Dar es Salaam, na hilo nalo lilikwenda vizuri.

Recheli alimtembelea wodini mara moja, siku ya tatu baada ya kujifungua. Alimkuta mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha kuchanganya na Kisukuma. Mama mkwe alimkamata Recheli mikono yote miwili akirudia "Wabeja, wabeja," asante ya Kisukuma, asimwachie.

"Wewe ndiye wa waya?" Ng'washi aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Tabibu aliniambia picha ya moyo wangu ilikuwa inapotea njiani. Ilipotelea wapi?"

"Urambo. Pale mjini, karibu na stendi."

Ng'washi alifikiri kwa dhati. "Mimi hata Urambo nilikuwa sijafika," alisema. "Nilipita siku ile naletwa na gari, nikaomba wasimamishe nitazame. Dereva alikataa, akasema mgonjwa hatazamitazami." Akacheka, akashika kifua, akacheka taratibu zaidi.

Yaser alibadilisha utaratibu wa chumba chao: hakuna laini inayotangazwa nzima kabla haijajaribiwa kwa pakiti kubwa kabisa anayoweza kuituma mteja, bahasha ikiwemo. Michoro ya mkoa mzima wa Tabora ilirudiwa, na Recheli aliishika kila kamba ya njano kwa vidole vyake, chumba kwa chumba, hadi Igunga. Alikuta laini mbili nyingine zilizosahaulika kwenye redio.

Mwezi wa sita alikwenda Usinge kwa kazi ya betri. Emilian alikuwa na foleni ya wagonjwa hadi nje, lakini alimwita ndani kwa dakika moja, akaomba ruhusa ya mzee aliyekuwa kitandani, akampa Recheli kiti. Mzee alikubali kwa kichwa. Kifaa kikawekwa juu ya mbavu zake zilizokonda, na kwenye skrini ukatokea moyo mwingine, mkubwa na wa polepole, na wote watatu wakanyamaza kuutazama.